Waongozaji ndege wa kujitolea mtandaoni: kazi yao, mafunzo yao na mipaka yake

Dada yangu alinipigia simu usiku mmoja mwaka jana, baada ya Isha. "Kaka, njoo umsikilize huyu mwanao. Kila usiku yuwazungumza peke yake chumbani, Kizungu na hesabu. Mimi simwelewi, na babake yuko safarini."

Nilikwenda nikiwa na mawaidha yangu tayari mdomoni. Kijana ana miaka 19, amemaliza kidato cha nne, na mazungumzo ya nyumbani wakati ule yalikuwa ni kama apelekwe Ghuba kupitia kwa wakala wa kazi au atafutiwe karo ya kozi. Nilidhani nitamkuta kwenye kamari za simu, ambazo zimewamaliza vijana wetu wengi. Nilimkuta amevaa hedifoni, mbele yake kipakatalishi cha zamani chenye ufa kwenye kioo, na ndani ya kioo hicho ramani nyeusi yenye mistari na vidoto. Akaniinulia kiganja: ngoja. Tangu azaliwe hakuwahi kuniashiria ninyamaze. Nilishangaa hata nikanyamaza kweli.

Nilimsikiliza kwa nusu saa. Sauti ya mwanamume mwenye lafudhi ya Kijerumani ilimwita. Kijana akajibu kwa maneno machache na tarakimu, na ile sauti ikayarudia maneno yale yale. Ikaja sauti nyingine, huyu Mhindi kwa nilivyomsikia, akaambiwa asubiri, naye akarudia kwamba anasubiri. Mambo yalipotulia kijana akavua hedifoni, akaniambia, "Samahani mjomba, nilikuwa na ndege mbili zinaingia Mombasa."

Ndege zenyewe zilikuwa ndani ya kompyuta za watu wawili walioko mbali. Lakini watu wale walikuwa wa kweli, na kazi aliyokuwa akiwafanyia ilikaribia ukweli kuliko nilivyotarajia. Tangu nilipoisimulia habari hii barazani, wazazi watatu wameniambia wana watoto wenye mtindo huo huo na hawajui waupokee vipi. Kwa hivyo ndugu msomaji, leo nimeacha siasa za kaunti nikueleze jambo hili tangu mwanzo.

Programu za kuigiza urubani zina umri mkubwa. Microsoft Flight Simulator ilitoka mara ya kwanza mwaka 1982, na baadaye ikaja X-Plane na nyinginezo. Mtu alikaa kwake akarusha ndege peke yake, na kama alisikia sauti ya muongozaji, ilikuwa ni sauti ya mashine. Mwishoni mwa miaka ya 1990, intaneti ilipoanza kuingia majumbani huko Marekani na Ulaya, wapenzi wa mambo hayo waliandika programu za kuwaunganisha. Mmoja anarusha ndege kwake, mwingine anaiona ndege hiyo kwenye rada yake, na wanazungumza. Chama cha kwanza kikubwa kiliitwa SATCO. Desemba 1998 likaundwa shirika la IVAO, na mwaka 2001 likaundwa VATSIM. Mawili haya yapo hadi leo, yanafika dunia nzima, na kujiunga ni bure. Jioni za wikendi, saa za Ulaya, VATSIM peke yake huwa na watu zaidi ya 2,000 waliounganishwa kwa wakati mmoja.

Katika watu hao, wengi ni marubani. Wachache ni waongozaji, na hao wachache ndio wanaobeba mtandao mzima, kwa sababu bila wao kila rubani anabaki kurusha ndege yake kimya kimya kama alivyokuwa zamani. Hawalipwi. Upo mtandao mwingine, PilotEdge wa Marekani, ambao marubani hulipa ada na waongozaji hulipwa, lakini huo hushughulika na anga ya sehemu za Marekani tu. Kwenye VATSIM na IVAO, kuanzia anayefungua mnara hadi anayefunza wengine na anayesahihisha mitihani, wote ni watu wa kujitolea wenye kazi zao za mchana.

Sasa wanafanya nini hasa? Sisi watu wa pwani tunaweza kulifahamu haraka, maana neno lenyewe rubani tumelitoa baharini. Meli ikifika nje ya Kilindini haijiingilii tu. Hungoja rubani wa bandari anayeujua mlango, akaipitisha. Angani ni hivyo hivyo, isipokuwa anayeongoza hapandi chomboni. Hukaa mbali na kuongoza kwa sauti, na ana vyombo vingi kwa pamoja.

Chukua safari ya kutoka Moi hapa Mombasa hadi Jomo Kenyatta, Nairobi. Kwenye mtandao, kama ilivyo katika urubani wa kweli, uwanja wetu una herufi zake nne, HKMO, na wa Nairobi ni HKJK. (Malindi ni HKML na Manda, kule Lamu, ni HKLU. Kijana anazijua zote kwa moyo, pamoja na za Unguja na Pemba.) Rubani huandika mpango wa safari: anatoka wapi, anapitia wapi, anataka kwenda juu kiasi gani. Muongozaji huusoma, huurekebisha kama una kasoro, kisha humpa kibali pamoja na nambari ya tarakimu nne ya kuweka kwenye chombo chake ili atambulikane kwenye rada. Nambari hizo hutumia tarakimu 0 hadi 7 pekee. Hutakuta 8 wala 9.

Baada ya hapo kazi hugawanywa. Yuko wa ardhini, anayewaelekeza marubani wapite njia gani kutoka maegesho bila kugongana. Yuko wa mnara, mwenye mamlaka juu ya njia ya kurukia: hapana anayeingia, anayepaa wala anayetua bila kauli yake. Yuko wa maeneo ya karibu na uwanja, anayezipanga ndege zinazoshuka na zinazopanda. Na yuko wa masafa marefu, anayeshika anga ya nchi nzima. Ndege hukabidhiwa kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine kama mtoto anavyopokezanwa mikononi kwenye arusi.

Kama watu ni wachache, ambavyo kwa Afrika ndivyo kwa kawaida, yule wa juu hubeba kazi ya wote walio chini yake. Mtu mmoja anayeshika anga ya Nairobi kwenye VATSIM huweza kujikuta anampa rubani ruhusa ya kuondoka maegesho ya Mombasa, huku anamtuliza mwingine aliye juu ya Garissa, huku wa tatu anataka kutua Jomo Kenyatta.

Hali ya hewa nayo ni ile ya kweli ya saa hiyo. Hili lilinifurahisha kuliko yote. Njia kuu ya kurukia ya Moi imeandikwa 03 upande mmoja na 21 upande wa pili, maana yake mwelekeo wa nyuzi 30 na nyuzi 210 za dira, sufuri ya mwisho ikiwa imeondolewa. Ndege hupaa na kutua ikiukabili upepo. Basi kaskazi ikivuma, muongozaji kwa kawaida huwapa marubani 03, na upepo ukigeuka kusi huwapa 21. Nilimwambia kijana kwamba nahodha wa jahazi wa zama za babu yake angeielewa kazi hii kabla yangu, akacheka. Lakini nilimwona siku za matlai akichungulia dirishani kabla ya kufungua mnara, kama babu yake alivyokuwa akichungulia.

Saa ni mtihani mwingine. Dunia nzima ya ndege hutumia saa moja, ile ya Greenwich, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Sisi twasema saa tatu usiku, simu inaonyesha 9:00, na kijana anaandika 1800. Anabeba saa tatu tofauti kichwani na hakosei, ilhali zamani kuamka kwenda shule kwa saa moja tu kulimshinda.

Tuje kwenye lugha, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipobadilisha mawazo.

Kiingereza cha waongozaji kimekatwakatwa hadi kikabaki mifupa. Kila neno lina kazi moja. Tatu hutamkwa "tri", tano "faifu", na tisa "naina", ili redio mbovu isimchanganye mtu. Na muhimu kuliko yote ni kurudia. Rubani akipewa urefu wa kupanda, mwelekeo, au amri yoyote inayohusu njia ya kurukia, lazima ayarudie maneno yenyewe. Kusema "sawa" hakutoshi. Na muongozaji lazima asikilize yanayorudiwa, maana kosa likipita hapo limekuwa lake pia.

Sheria hizi zimelipiwa kwa roho za watu. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia ndani ya ukungu. Walikufa watu 583. Rubani wa KLM alianza kupaa akiamini ameruhusiwa, na hakuwa ameruhusiwa. Mnara ulimwambia asubiri, lakini wakati huo huo Pan Am nao walikuwa wanasema redioni kwamba bado wako kwenye njia, sauti mbili zikagongana na kugeuka mlio. Baada ya ajali ile, neno la "kupaa" kwa Kiingereza liliwekewa mipaka: hutamkwa tu pale ruhusa yenyewe ya kupaa inapotolewa au kufutwa. Nyakati nyingine zote husemwa "kuondoka".

Kijana wangu, ambaye alizaliwa karibu miaka 30 baada ya ajali ile, alinisimulia yote haya bila kusoma popote. Ndiyo masomo yao. Na mtandao wao umeiga hata ule mlio: mfumo wa sauti wa VATSIM ulioanza kutumika Oktoba 2019 hufuata tabia za redio ya kweli, kwa hivyo wawili wakisema pamoja wanafunikana, na aliye mbali au chini mno hasikiki.

Sasa nikupe kisa. Usiku mmoja nilikuwepo, yeye akiwa mnarani chini ya mwalimu wake. Mwalimu yuko nchi nyingine, hawajawahi kuonana uso kwa uso, lakini husikiliza kila neno. Kulikuwa na ndege inakuja kutua, imebakiwa na maili nne hivi. Nyingine ilikuwa ardhini, imefika ukingo wa njia. Kijana akamwambia yule wa chini asubiri nje ya njia. Yule akajibu neno moja la Kiingereza lenye maana ya "nimekusikia", kisha akaingia njiani taratibu kama anayeingia kwake.

Nilimwona kijana anavyobadilika rangi. Akamwamuru aliyekuwa anatua aache, apande tena, azunguke. Alipanda. Hakuna aliyegongana na mtu, na hata kama wangegongana hakuna ambaye angeumia. Lakini jasho lilikuwa la kweli, na mimi nilijikuta nimesimama.

Walipofunga, mwalimu hakumlaumu rubani hata kidogo. Nilikuwa nasikia, maana kijana aliweka spika. Alimwuliza swali moja: "Alikurudishia maneno yako?" Kijana akasema hapana. "Basi ulikuwa hujamaliza kumwambia."

Nimekaa kwenye mikutano mingi ya kamati, za misikiti, za shule, za arusi, na nimeona mambo mengi yakiharibika kwa sababu hiyo hiyo. Lakini tusitoke nje ya mada.

Mafunzo yenyewe hupandwa ngazi kwa ngazi. Kwenye VATSIM kila mtu huanza na mtihani mfupi wa maswali kabla ya kuruhusiwa kuunganishwa. Anayetaka kuongoza huanza kama mtazamaji: anaona rada, anasikiliza, hasemi kitu. Kisha hupanda daraja la kwanza la uanafunzi, S1, kwa kazi za ardhini. S2 ni ya mnara. S3 ni ya maeneo ya karibu na uwanja. Na C1 ni ya masafa marefu. Katika kila hatua kuna masomo ya kujisomea, mtihani wa maandishi, vipindi na mwalimu, na mwishowe mtihani wa vitendo mbele ya mtahini, mara nyingi kwenye mtandao wenyewe wenye marubani halisi wasiojua kwamba kuna mtu anatahiniwa. Kuna pia mtambo wa mazoezi wa pembeni, ambako walimu humrundikia mwanafunzi ndege za bandia hadi azidiwe. IVAO nao wana madaraja yao kwa majina mengine, ila mwendo ni ule ule.

Tatizo ni foleni. Walimu ni wa kujitolea, na katika nchi za Ulaya zenye wanachama wengi mtu husubiri miezi kabla ya kupata mwalimu. Sisi tuko chini ya divisheni ya Afrika Kusini mwa Sahara. Eneo ni kubwa mno na watu wake ni wachache, na tofauti hiyo unaiona kwenye ramani: fungua usiku wa kawaida, Ulaya imewaka kama Digo Road siku ya kuamkia Idi, nayo anga yetu ni giza. Rubani wa Ujerumani anayetaka kuja Mombasa atafika, lakini hatakuta mtu wa kumpokea. Atajitangaza mwenyewe kwenye masafa ya wote, 122.800, atatua, na atazima.

Hili lilinichoma kidogo, sikufichi. Bandari hii imepokea wageni karne na karne, halafu kwenye ramani hiyo ya dunia haina mwenyeji. Kijana husema ndiyo sababu yake ya kufungua mnara hata siku ambazo hakuji mtu. Amekaa wakati mwingine saa mbili mbele ya kioo kitupu. Dada yangu alimwuliza anamngoja nani. "Nikiwa nimefungua, mama, anayepanga safari ataona kuna mtu Mombasa." Na ni kweli, marubani hufuata waongozaji. Mahali penye muongozaji huonekana kwenye ramani, na nusu saa baadaye vidoto huanza kusogea upande huo.

Kuna pia nyakati za mikusanyiko. Mara mbili kwa mwaka hufanyika safari ya pamoja ya kuvuka bahari ya Atlantiki, Cross the Pond, inayohitaji waongozaji wengi pande zote mbili. Na kila Novemba kuna WorldFlight, ambapo makundi ya watu walojijengea vyumba vya rubani kwa mbao na vyuma majumbani huizunguka dunia kwa wiki nzima, usiku na mchana, wakichangisha fedha za hisani. Wale wa Australia huzipeleka kwa madaktari wanaoruka kwa ndege kuwatibu watu wa mashambani, Royal Flying Doctor Service.

Mzazi atauliza: je, hakuna uovu humo? Masharti ni makali. Katika urubani wa kweli kuna nambari tatu za dharura: 7700 kwa hatari yoyote, 7600 redio ikifa, na 7500 kwa ndege iliyotekwa nyara. Kwenye VATSIM hiyo ya mwisho ni marufuku kabisa, pamoja na kuigiza ugaidi kwa namna yoyote, na anayethubutu hutolewa. Dharura nyingine zinaruhusiwa, lakini muongozaji akisema hana nafasi ya kuishughulikia, rubani lazima aikatishe au aondoke. Kuacha ndege angani ukaenda zako zaidi ya nusu saa pia ni kosa. Wako wasimamizi wanaozunguka usiku na mchana, nao ni wa kujitolea. Wapo watovu wa adabu, kama kila mahali penye watu, ila hawadumu.

Kwa upande wetu, kijana amejipangia mwenyewe. Hafungui mnara kabla ya Magharibi, kwa sababu wakati wa Sala ukiingia atalazimika ama kuwaacha watu hewani au kuchelewa. Hufungua baada ya Isha na hufunga kabla ya saa sita. Hilo sikumfundisha mimi.

Gharama nayo ina jambo ambalo wengi hawalijui. Kurusha ndege kwenye programu mpya ni kazi ya mwenye mali: toleo la Microsoft lililotoka Agosti 2020 linataka kompyuta yenye nguvu na kupakua zaidi ya gigabaiti 100, ambazo kwa bando letu ni msiba. Kuongoza hakutaki hayo. Programu ya rada inayotumiwa sana, EuroScope, ni ya bure na huendeshwa na kipakatalishi cha mtumba, kwa kuwa inachora mistari na vidoto tu. Sauti hula bando kidogo. Kijana wetu alianza kwa kutaka urubani. Mashine yake ikakataa. Akaingia mnarani kwa sababu ya umaskini wa kompyuta, akakuta huko ndiko kwenye kazi. Anachohitaji mtu ni hedifoni yenye kipaza sauti kizuri, intaneti isiyokatika, na Kiingereza cha kutosha kuelewa lafudhi za watu. Stima ikikatika katikati ya zamu, basi tena. Anawaandikia kwa simu kuomba radhi.

Sasa lile swali la dada yangu, ambalo ndilo lililokuwa na uzito nyumbani: je, hii itampa kazi?

Kwa yenyewe, hapana. Saa alizokaa kwenye mtandao hazihesabiwi popote, na daraja la C1 halimfungulii mtu mlango wa mnara wa kweli. Hapa Kenya leseni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, na mafunzo hutolewa katika chuo cha East African School of Aviation kule Embakasi. Kanuni za kimataifa zinataka mwenye leseni awe ametimiza miaka 21, apimwe afya, na afikie angalau ngazi ya 4 kati ya 6 katika lugha inayotumika redioni. Nilimtafuta mzee mmoja aliyestaafu kazi hiyo, nikamkutanisha na kijana. Walizungumza muda mrefu, nusu yake sikuifahamu. Mzee akaniambia faraghani kwamba sikio la kijana limeshaiva, na kwamba kuna tabia mbili tatu za mtandaoni ambazo chuo kitalazimika kuzivunja, hasa ile ya kuzoea kwamba kosa halina maiti.

Nilimwelewa. Tarehe 5 Machi 2024 ndege ndogo iligongana angani na ndege ya abiria karibu na uwanja wa Wilson, Nairobi. Ile ya abiria ilirudi ikatua salama. Wawili waliokuwa kwenye ile ndogo walifariki. Usiku ule wa mwalimu na swali lake, yule rubani aliyeamriwa kuzunguka alizunguka, akatua, akaaga kwa furaha na kwenda kulala. Umbali kati ya usiku ule na siku ile ya Wilson ndio umbali kati ya mtandao na kazi, na mzazi asikubali mtoto wala mtu mwingine amwambie ni mfupi.

Nilimweleza dada yangu yote mawili, zuri na chungu. Pesa zilikuwa za jambo moja tu, ama za wakala ama za karo. Shemeji aliporudi safarini alikaa nyuma ya kiti cha mwanawe usiku mzima bila kusema kitu, mwisho akauliza wale wazungu wanamtii kwa sababu gani hali hawamjui. Kijana akamjibu, "Kwa sababu niko kwenye masafa, baba." Wakala ameambiwa asubiri. Fomu za Embakasi zimechukuliwa, ingawa kuchukua fomu si kupata nafasi, na nafasi zenyewe ni chache.

Kwa wakati huu ana mtihani wa vitendo wa mnara, Jumamosi ijayo saa tatu usiku, yaani 1800 kwa saa yao. Mwalimu amewaalika marubani waje Mombasa kwa wingi ili atahiniwe ipasavyo. Upepo ni wa kusi, kwa hivyo anafanyia mazoezi 21. Dada yangu ameshawaambia majirani kwamba usiku huo kijana hatumwi dukani, na mimi nimenunua bando.